Tagore: Mshairi aliyegeuza kivuli cha mti kuwa darasa

WENGI humjua Rabindranath Tagore kama mshairi wa India aliyekuwa mtu wa kwanza kutoka bara la Asia kutuzwa Nobeli ya Fasihi, mnamo 1913. Tungo zake ndizo zilizoteuliwa kuwa nyimbo za taifa za India na Bangladesh.

Ni wachache wanaofahamu kwamba kwa miaka 40 ya maisha yake gwiji huyo alikuwa pia mlezi wa shule, na kwamba shule hiyo, ambayo watoto walisomea nje, ilimgharimu mengi.

Tagore alizaliwa Mei 7, 1861 mjini Calcutta, ambao siku hizi huitwa Kolkata, katika familia tajiri ya wenye mashamba. Hakukosa chochote nyumbani, lakini shuleni hakupata raha. Alihamishwa kutoka shule moja hadi nyingine, akichoshwa na madawati, kuta na masomo ya kukariri, hadi akaacha kabisa kabla ya kuhitimu.

Elimu iliyomkaa moyoni aliipata kwingineko. Mnamo 1873, akiwa na umri wa miaka 11, babake, Debendranath, alimchukua kwa safari ya miezi kadhaa hadi milima ya Himalaya. Mchana alizurura milimani, na jioni babake akamwonyesha nyota na kumfunza majina yake.

Njiani walikuwa wametua Santiniketan, mahali pakavu mashambani, takriban kilomita 160 kutoka Calcutta, ambapo mzee huyo alikuwa na nyumba ya ibada na tafakuri.

Ni hapo ambapo Tagore alifungua shule yake Desemba 22, 1901, akiwa na wanafunzi watano tu, mmoja wao akiwa mwanawe mkubwa, Rathindranath.

Kila asubuhi mtoto alibeba mkeka wake mdogo, akaketi na wenzake kumzunguka mwalimu chini ya mwembe. Masomo ya mimea, ndege na majira yalifunzwa pale pale vilipoonekana. Mvua iliponyesha, ndipo walipoingia ndani. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kibengali, lugha ya mama, wakati ambapo shule za wakoloni zilitukuza Kiingereza.

Hayo hayakuwa mchezo. Wanafunzi waliamka kabla ya jua kuchomoza, wakaoga, wakatulia kutafakari, kisha wakaanza masomo. Wala Tagore hakuweza kukwepa mfumo uliokuwepo: wanafunzi wake walilazimika kuandaliwa kwa mtihani wa Chuo Kikuu cha Calcutta kama wenzao wa shule nyingine, jambo lililomkera.

Gharama nazo zilimwandama tangu mwanzo, kwani hapo awali hakutoza karo. Mkewe, Mrinalini Devi, aliuza vito vyake vya dhahabu ili kuikimu shule, naye Tagore akauza nyumba yake ya pwani huko Puri.

Kisha misiba ikaandamana. Mrinalini alifariki mnamo 1902, kabla shule haijatimiza mwaka mmoja. Binti yao Renuka alifuata mnamo 1903, na Debendranath akaaga dunia mnamo 1905. Mnamo 1907 kipindupindu kilimwua Samindranath, kitinda mimba wao, miezi michache tu baada ya mtoto huyo kuanzisha sherehe ya majira shuleni humo.

Shule haikufungwa. Hata serikali ya kikoloni ilipotoa waraka wa siri kuwaonya watumishi wake wasiwapeleke wana wao Santiniketan, Tagore hakulegeza kamba. Alipopata fedha za Nobeli, aliziweka katika benki ya wakulima ili riba yake isaidie shule.

Mnamo 1921 alianzisha hapo chuo cha Visva-Bharati, na mnamo 1928 akaanzisha sherehe ya kila mwaka ya kupanda miti. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 bado alizunguka na kikundi cha wachezaji ngoma akitafuta fedha, hadi Mahatma Gandhi alipomtafutia msaada wa rupia 60,000 mnamo 1936 ili apumzike.

Tagore alifariki Agosti 7, 1941. Miaka kumi baadaye serikali ya India huru iliitwaa Visva-Bharati kuwa chuo kikuu cha taifa. Miongoni mwa waliosoma chini ya miti hiyo utotoni ni Amartya Sen, aliyetuzwa Nobeli ya Uchumi mnamo 1998.

Mnamo 2023 Unesco iliiorodhesha Santiniketan kuwa Turathi ya Dunia. Hadi leo watoto wa shule hiyo huketi kivulini wakimzunguka mwalimu, katika eneo ambalo Debendranath alilikuta kame, bila miti ya kutosha kivuli.