Julius Nyerere na Mjadala wa Darasani: Kutoka Tabora hadi Mlimani

Maisha ya Julius Kambarage Nyerere (1922–1999) aghalabu husimuliwa kwa kuanzia katika siasa. Makala haya yanayatazama kwa upande wa kazi iliyompa jina la Mwalimu: kuyasoma maandishi na kuyajadili na wenzake.

Nyerere alizaliwa Butiama, katika jamii ya Wazanaki. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Misafara ilikuwa imekieneza Kiswahili Unyamwezini. Hata hivyo, katika vijiji vya upande wa Igunga, mathalani Choma, Kinyamwezi na Kisukuma vilibaki lugha za nyumbani, ilhali elimu ya juu ya shule ilitolewa kwa Kiingereza. Mwanafunzi alisoma kwa lugha moja, akaishi kwa nyingine. Katika mazingira hayo Nyerere alishiriki kuanzisha chama cha mdahalo. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule alikataa kwa kumwona mpole mno.

Huko Makerere (1943–1945) alimsoma John Stuart Mill kuhusu kutiishwa kwa wanawake, kisha akaandika insha akiyapima mawazo hayo kwa hali ya wanawake wa Kizanaki. Hapo ndipo penye kiini cha usomaji wake: matini hayakaririwi tu, bali huulizwa yana lipi la kusema juu ya watu ambao msomaji anawajua.

Mwaka 1946 alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's. Aidha, aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Katika mdahalo mmoja kwenye shule ya serikali alipinga hoja kwamba, tangu Afrika igawanywe, Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu. Alishinda, naye akapigwa marufuku kurudi hapo.

Baada ya masomo ya Edinburgh (1949–1952) alifundisha Pugu, akajiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Hata alipokuwa Rais hakuacha kuyapima maandishi ya wengine kwa lugha yake: tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Hata hivyo, Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamikia pia mishahara minono ya viongozi. Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, lakini akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300. Wengi wao walirudishwa baadaye. Aliikubali sehemu ya hoja, akawaadhibu walioitoa.

Tofauti ya matukio haya haielezwi na tabia pekee. Tabora hakuwa na mamlaka juu ya wapinzani wake; mwaka 1966 alikuwa nayo yote. Hali hii yamhusu kila mhadhiri aongozaye semina, kwani yeye ndiye achaguaye matini, na ndiye atoaye alama. Hivyo basi, kimya cha wanafunzi wake si lazima kiwe ishara ya kukubali, wala ya kutosoma.