Daktari aliyebaki na panya wa Kenema

Ukiambiwa ugonjwa fulani umetoka msituni, najua unachowaza: miti minene, giza, nyani wakirukaruka. Homa ya Lassa haiko hivyo kabisa, na kama kuna mtu aliyeijua vizuri ni Dkt. Aniru Conteh.

Alizaliwa 1942 nchini Sierra Leone, akasomea udaktari Ibadan, Nigeria, halafu akarudi kwao. Hakuenda kutafuta maisha majuu. Alienda Segbwema, mji mdogo wa mashariki, akafanya kazi katika hospitali ya misheni iliyokuwa ikipokea wagonjwa wa Lassa mmoja baada ya mwingine.

Sasa hebu tumwongelee panya mwenyewe. Anaitwa Mastomys natalensis, na jike lake lina chuchu nyingi ajabu, yaani akizaa anajaza nyumba. Msitu uliofunga haupendi. Anachopenda ni pale ulipofyekwa: shamba la mpunga, kichaka, na zaidi nyumba yenye gunia la mchele kwenye kona. Mashariki mwa Sierra Leone watu walikata miti wakalima, wengine wakachimba almasi na kujenga vibanda vya kubanana. Panya akahamia humo. Usiku anakojolea chakula, asubuhi kinaliwa. Wapo pia wanaomla, kwa hivyo hata kumchuna ni hatari.

(Panya huyu yuko hata Kenya, lakini usiruke juu ya kiti. Virusi vya Lassa viko Afrika Magharibi.)

Wengi wanaoambukizwa hawaumwi sana. Noma ni wale wanaozidiwa, hasa wajawazito wa miezi ya mwisho. Dawa inayotumika ni ribavirin, na inafaa ikitolewa mapema. Lakini mwanzoni ugonjwa unafanana na malaria, so mtu anameza vidonge vya malaria nyumbani huku siku zikiyoyoma.

Mwaka 1991 vita vikaanza, tena mashariki hukohuko. Watafiti wa Marekani waliokuwa wakishirikiana na Conteh wakaondoka. Ni haki yao, risasi haina mjomba. Yeye akahamishia kazi Hospitali ya Serikali ya Kenema na kuendelea na wadi ya Lassa, pesa zikiwa chache, wakimbizi wakifurika kambini na panya wakifuata chakula chao. Aliwafundisha pia watu wa vijijini kufunika chakula na kuziba matundu, kwa sababu msitu ulishakatwa na panya alishaingia ndani.

Machi 2004 alikuwa akimtoa mgonjwa damu, sindano ikamchoma. Aprili 4 Lassa ikamuua.

Nafasi yake ilichukuliwa na daktari kijana, Sheik Umar Khan. Aliiendesha wadi hiyo karibu miaka kumi, hadi Ebola ilipofika Kenema 2014 na kumuua naye, Julai mwaka huohuo.