LUIGI BROGLIO: MHANDISI ALIYERUSHA UHURU KUTOKA PWANI YETU

Kila tukitajiwa mambo ya roketi, mawazo yetu hukimbilia Marekani na Urusi. Twadhani kwamba anga za juu ni za watu wa mbali, na kwamba kazi yetu sisi ni kutazama televisheni tu. Kumbe roketi zenye setilaiti zilikuwa zikipaa kutoka papa hapa Kenya miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa! Aliyeliwezesha jambo hilo ni profesa wa Kiitaliano, Luigi Broglio. Nimeona niwasimulie maisha yake, maana wengi wetu tunaopenda fizikia hukata tamaa mapema, ati uhandisi wa namna hiyo ni wa nchi zenye kila kitu. Hebu tuone kama ndivyo.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na mji wa Venice. Jamaa yake ilihamia Roma alipokuwa mtoto, na huko ndiko alikosoma hadi akahitimu katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1934. Alisomea nini? Uhandisi wa ujenzi, yaani mambo ya nyumba, barabara na madaraja. Setilaiti asingeweza kuzisomea, kwa kuwa hazikuwako duniani. Baadaye aliingia jeshi la wanahewa kama mhandisi, akafanya kazi Guidonia, kituo cha utafiti wa ndege kilichokuwa karibu na Roma. Vita Vikuu vya Pili vilipochacha, na Wajerumani wakaikalia Italia mwaka 1943, alijiunga na wazalendo waliowapinga.

Vita viliiacha Italia hoi. Hata hivyo Broglio alirudi kwenye vitabu na karakana. Mwaka 1952 alifanywa mkuu wa shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma, akichukua mahali pa mzee Gaetano Arturo Crocco, bingwa wa mambo ya roketi. Huko aliunda mitambo ya kupuliza upepo kwa kasi kupita ile ya sauti, ili wanafunzi wapime jinsi vyombo vinavyostahimili hewa kabla ya kuvirusha. Alikuwa mwalimu asiyetaka mambo yaishie ubaoni. Vilevile alisimamia uwanja wa kurushia roketi katika kisiwa cha Sardinia, na mnamo 1961 timu yake ikarusha roketi ndogo kutoka huko kuchunguza hewa ya juu.

Urusi ilikuwa imekwisha kurusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, tarehe 4 Oktoba 1957. Marekani ikafuata mwaka 1958. Broglio akatamani na Italia iwe na yake. Lakini hesabu ilikataa. Italia haikuwa na roketi yenye nguvu ya kutosha, na hata kama ingekuwa nayo, haikuwa na mahali pazuri pa kurushia setilaiti. Mtu mwingine angefunga daftari hapo. Yeye alijiuliza ni kitu gani angeweza kutengeneza mwenyewe, kitu gani angeweza kuazima, na mahali gani duniani pangemsaidia.

Setilaiti, aliamua, wangeiunda Waitaliano wenyewe. Roketi wangeipata Marekani, nayo ilikuwa aina ya Scout, yenye urefu wa kama mita 23. Pamoja na mwanafizikia Edoardo Amaldi aliwashawishi wakubwa, na mwaka 1961 serikali ya waziri mkuu Amintore Fanfani ikaukubali mpango huo, ukaitwa San Marco. Mwaka uliofuata yakatiwa sahihi maafikiano na NASA, shirika la anga la Marekani.

Je, mahali? Hapa ndipo Kenya inapoingia. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na palipo na kasi kubwa zaidi ni kwenye ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta hupewa kasi hiyo bure, kama mtu anayerusha jiwe akiwa juu ya lori linalokwenda mbio. Sasa mwenzangu wa Nakuru atauliza: mbona wasije Mogotio, ambapo ikweta inapita kando ya barabara? Jibu ni kwamba roketi ya Scout ilikuwa na vipande vinne, na vile vya chini vikimaliza baruti yao vilidondoka. Kutoka Mogotio vingewaangukia watu na mifugo. Kutoka pwani viliangukia Bahari ya Hindi. Basi Broglio akachagua ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta.

Hakujenga mji wa fahari. Alitwaa jukwaa la chuma lililokuwa likitumiwa kutafutia mafuta baharini, akaliita Santa Rita. Jukwaa la pili, San Marco, lilikuwa mali ya jeshi la Marekani. Yote mawili yalisimamishwa majini kwa miguu ya chuma, yakaunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Kwenye San Marco roketi ilisimamishwa, na kwenye Santa Rita wahandisi wakakaa kuiongoza. Mwaka 1964 walianza kwa roketi ndogo za majaribio. Ama kweli, mwenye kutaka hakosi njia.

Timu yake ilitoka chuo kikuu chake na jeshi la wanahewa. Ilipelekwa Marekani kujifunza, na tarehe 15 Desemba 1964 ikarusha San Marco 1 kutoka Wallops, jimbo la Virginia. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Italia. Ndani yake mlikuwa na chombo alichokibuni Broglio mwenyewe, mizani ya kupimia hewa. Ukitoa mkono nje ya dirisha la matatu liendalo kasi, wahisi hewa ikiusukuma nyuma. Huko juu hewa ni chache mno, lakini bado husukuma. Broglio alitengeneza tufe jepesi la nje na mzigo mzito wa ndani, akaviunganisha kwa vyuma vinavyonesa. Hewa ikilisukuma tufe, linasogea kidogo sana kuelekea ule mzigo, nacho chombo hupima limesogea kiasi gani. Wazo rahisi hivyo, lakini lilimwonyesha mwanadamu uzito wa hewa mahali ambapo ndege haifiki.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka Ngomeni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani setilaiti kurushwa kutoka jukwaa lililo baharini. Wamarekani wenyewe walivutiwa, wakaleta setilaiti yao irushwe na Waitaliano hapa kwetu. Ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Mhandisi aliyeongoza mradi huo upande wa Marekani, mwanamke aitwaye Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Wenzangu wa chama cha Kiswahili, jivunieni! Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kusaidia kuwaonyesha wataalamu kwamba yale mashimo meusi ya angani huenda ni kweli yapo. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Bonde la Ufa nalo halikulala. Mwaka huohuo wa 1970 kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa karibu na Mlima Longonot, sahani yake kubwa ikielekezwa juu ya Bahari ya Hindi ili simu zipite angani.

Kutoka jukwaa la San Marco setilaiti 9 zilipelekwa angani, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo Broglio alitaka roketi yenye nguvu zaidi, lakini fedha hazikutoka. Majukwaa yakanyamaza, yakabaki kupigwa na chumvi. Mzee aliishi miaka mingi akiona kazi yake imesimama, hadi alipofariki huko Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake, na mitambo yake ya nchi kavu hufuatilia setilaiti zinazopita.

Tusimsifu mtu mpaka tukafumba macho. Bahari ilikuwa yetu, ikweta yetu, na hata jina Uhuru letu. Lakini walioketi mbele ya mitambo siku ile ya Desemba hawakuwa Wakenya. Kwa miaka mingi watu wa pwani wameuliza wao walifaidika na nini, na swali lao ni la haki. Mwenye shamba asiyejua kulima hubaki kuhesabu matrekta ya wengine.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 2016. Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani walikuwa wametangaza shindano liitwalo KiboCUBE, la kuzipa taasisi za nchi zinazoendelea nafasi ya kurushiwa setilaiti ndogo. Mshindi wa kwanza alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Na mshirika aliyewasaidia kuiunda? Chuo Kikuu cha Roma, kilekile cha Broglio! Setilaiti hiyo, 1KUNS-PF, ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, waweza kukishika kwa kiganja. Tarehe 11 Mei 2018, kwenye kituo cha kimataifa cha angani, mkono wa roboti wa Japani ulikishika kifaa kilichoibeba, ukakinyoosha nje, na setilaiti ya kwanza ya Kenya ikasukumwa kwenda zake. Ilizunguka dunia hadi mwaka 2020. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka California.

Broglio hakuyaona hayo. Lakini mbegu ilikuwa yake kwa kiasi fulani, maana alionyesha kwamba chuo kikuu, wanafunzi na vyuma vikuukuu vyaweza kuifikia nyota. Alianza na madaraja, akajifunza lisilokuwa kwenye silabasi, akaazima alichokosa bila kuona haya, na alichoweza kukitengeneza akakitengeneza vizuri kuliko wote.

Basi wewe uliye kidato cha pili unayesumbuliwa na hesabu za kasi na mwendo, usizitupe. Vikweta vya ramani vimetupitia karibu, na mashindano ya vyuo vikuu hayaulizi umetoka mtaa gani wa Nakuru. Mchumia juani hulia kivulini.