Alexander Fleming

Alexander Fleming (6 Agosti 1881 – 11 Machi 1955) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa kugundua penisilini, lakini kabla ya hapo aligundua lisozimu, protini ya mwilini inayoua bakteria.

== Maisha ==
Alizaliwa shambani karibu na mji wa Darvel. Akiwa kijana alikuwa karani wa kampuni ya meli mjini London, hadi urithi mdogo ulipomwezesha kusomea udaktari katika hospitali ya St Mary's.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alihudumu Boulogne, Ufaransa. Wanajeshi wengi waliookolewa vitani walikufa baadaye kwa majeraha yaliyooza. Fleming alitengeneza jeraha la kioo lenye vichochoro vingi, akaonyesha kwamba dawa kali za kuoshea hazikuwafikia bakteria waliojificha ndani. Tena ziliua chembe nyeupe za damu.

== Lisozimu ==
Mwaka 1921, akiwa na mafua, aliweka kamasi yake juu ya bakteria waliooteshwa maabarani, nao wakayeyuka. Baadaye aliikuta protini hiyo katika machozi, mate, ute wa yai na maziwa ya mama. Mtoto anayenyonya, awe Sumbawanga au London, huipata. Ili kupata machozi ya kutosha, yeye na wenzake walijikamulia limau machoni. Lisozimu hukata ukuta wa bakteria. Kwa bahati mbaya, bakteria walioyeyuka upesi hawakuwa wale wanaoua watu, hivyo wachache waliijali.

Mwaka 1928 aligundua penisilini. Howard Florey na Ernst Chain waliigeuza kuwa dawa, na wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1945. Florey mwenyewe alianza kwa kuchunguza lisozimu. Katika hotuba yake ya Nobel, Fleming alionya kuwa dozi ndogo mno huwazoesha bakteria dawa.

== Utafiti wa baadaye ==
Leo inajulikana kwamba bakteria hushikamana juu ya meno, vidonda sugu na mipira ya mkojo, wakijifunika utando unaodhoofisha antibiotiki. Kwa hiyo watafiti wamerudia protini za asili: lisozimu, laktoferini ya maziwa, na difensini ya nyuki iliyomo katika asali. Kazi nyingi bado ni za maabara, kwa kuwa vimeng'enya vilivyomo kidondoni huweza kuzivunja protini hizo kabla hazijafika ndani ya utando.