Lord Delamere na Kondoo wa Njoro

Hugh Cholmondeley, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lord Delamere, alizaliwa Uingereza mwaka 1870 katika ukoo wa mabwana wenye mashamba mapana huko Cheshire. Baba yake alifariki mwaka 1887, naye akarithi cheo na mali akiwa kijana wa miaka 17. Hakupenda kutulia nyumbani. Mwaka 1891 alikwenda Usomali kuwinda, akarudi huko mara kadhaa, na katika safari moja aliraruliwa na simba, hata akachechemea tangu siku hiyo. Mwaka 1897, baada ya safari ndefu ya ngamia iliyoanzia pwani ya Berbera, alifika nyanda za juu za Kenya. Alipoyaona majani yale mabichi yaliyoenea hata upeo wa macho, aliamini kwamba hapana nchi bora kuliko hiyo kwa kufugia.

Yamkini msomaji wa Unguja atauliza mtu huyu anatuhusu nini. Alikuwa kiongozi wa walowezi, akashindania ardhi nzuri iwe ya Wazungu. Na Wamasai waliondolewa Bonde la Ufa mwaka 1904, kisha wakahamishwa tena kutoka Laikipia kuanzia mwaka 1911. Katika hayo hatuna la kumsifia. Lakini katika ufugaji alifanya kwa fedha zake majaribio ambayo mwanachama wetu mwenye ng'ombe wawili hathubutu kuyafanya, na hasara zake zimeandikwa wazi kwa kila apendaye kuzisoma.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha eka 100,000 huko Njoro, karibu na reli. Aliagiza kondoo wa Merino kutoka New Zealand na madume wa koo za Kiingereza, akawapandisha kwa maelfu ya majike wa Kimasai. Jike wa Kimasai ni mvumilivu wa jua na ukame, ila mwili wake una nywele, hauna sufu ya kuuzwa. Mtoto wa dume wa kigeni hupata nusu ya damu ya baba. Jike huyo akipandishwa tena kwa dume safi, mjukuu hupata robo tatu, na kadhalika, mpaka kundi zima hubadilika bila ya kununua majike wa ng'ambo. Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Ndiyo tunayoitumia nasi tunapompandisha ng'ombe wa kienyeji kwa mbegu ya Jersey au Friesian.

Hata hivyo kondoo walikufa. Wale Merino wa New Zealand waliangamia wengi katika muda mfupi, wakikonda huku wamesimama katikati ya majani tele. Ng'ombe nao walishikwa na homa ya mapafu, kisha na maradhi ya kupe. Ajabu ni kwamba wenyeji walikuwa na habari. Wamasai hawakuyapenda malisho ya Njoro, ingawa yalipendeza macho. Delamere alijifunza Kimasai na akawaajiri Wamasai wamchungie, lakini alikuwa amekwisha kuchagua shamba.

Sababu yenyewe haikujulikana katika uhai wake. Mwaka 1935 wataalamu wa Australia walithibitisha kwamba mnyama acheuaye huhitaji madini yaitwayo kobalti, kidogo mno. Madini hayo hutumiwa na vijidudu vilivyomo tumboni mwake. Asipoyapata, hukosa nguvu na kufa njaa ilhali tumbo limejaa. Ardhi ya pande za Nakuru ilikuwa na upungufu huo.

Delamere aliwahamishia kondoo wake Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, na huko machotara wale wale wakanenepa na kutoa sufu. Damu haikubadilika, kilichobadilika ni chakula. Njoro aliiachia ngano, nayo ikaliwa na kutu, akamwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu kwa miaka mingi. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Kwetu Unguja kizuizi kikubwa kilikuwa mbung'o, mpaka alipotokomezwa kisiwani kwa kuachiwa madume waliohasiwa kwa mionzi, na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba kisiwa ki salama. Tangu hapo njia ya chotara imefunguka. Lakini ng'ombe wa kienyeji aliyefungwa kamba chini ya mnazi huridhika na alichokiona mbele yake. Chotara hutaka majani ya kukatiwa, pumba, mashudu ya nazi, maji ya kutosha na jiwe la chumvi la kulamba. Maofisa wetu wa mifugo waulizwe habari ya malisho kabla ya kuulizwa habari ya dume. Na mfugaji wa ardhi ya mawe ya mashariki asidhani kwamba linalomfaa mwenziwe wa udongo mzito wa magharibi litamfaa na yeye.

Ili kuyaendesha hayo yote Delamere aliweka rehani mali ya ukoo wake Uingereza, na baadaye akakopa mabenki ya Kenya. Alifariki mwezi Novemba mwaka 1931, akazikwa Soysambu, akaacha madeni makubwa pamoja na makundi ya mifugo. Sanamu yake iliyosimamishwa Nairobi iliondolewa Kenya ilipopata uhuru.