Sayyidna Umar, njaa na haki ya aliyeibiwa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunakusudia kuuangalia upande mmoja wa maisha ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), Khalifa wa pili. Kilichotusukuma ni suala linaloulizwa katika miji yetu. Tuchukulie kijana asiye na kwao, anayelala kwenye vibaraza vya maduka katika kata ya Bagamoyo, si ile ya pwani bali hii ya mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako mvua ni nyingi na baridi ya Juni na Julai huingia mifupani. Asubuhi moja njaa inamshika, naye anachukua fedha za bibi mjane anayeuza ndizi, na fedha hizo ndizo mtaji wake wote. Je, dhiki ya kijana huyu inamsamehe? Wapo watakaopiga kelele za mwizi na kuokota mawe, na wapo watakaosema masikini asiulizwe. Tukiisoma sira ya Umar, tutaona kuwa pande zote mbili zimekosea.

Umar alizaliwa Makka katika ukoo wa Banu Adiyy, takriban mwaka 584. Ujanani alichunga ngamia wa baba yake, mzee mkali aliyemchosha kwa kazi na kumpiga alipolegea. Hata alipokuwa Amirul Muuminina alilikumbuka bonde alilokuwa akichungia, akamshukuru Mola aliyemtoa huko. Kwa hiyo dhiki hakuisikia kwa kusimuliwa. Alisilimu katika mwaka wa 6 wa Utume, na akashika ukhalifa mwaka 13 Hijria (634) baada ya kufariki Sayyidna Abu Bakr (r.a.).

Mwaka 18 Hijria (639) Bara Arabu ilipatwa na ukame ulioitwa Aamu Ramada, yaani mwaka wa majivu, kwa kuwa ardhi ilikauka na upepo ukawa unapeperusha vumbi mfano wa jivu. Mifugo ilikufa. Mabedui waliacha majangwa yao wakaja kupiga kambi pembezoni mwa Madina, watu wasio na makazi wala chakula. Umar aliamuru vyungu vitelekwe tangu alfajiri na akaweka wasimamizi wa kuwahudumia wageni hao. Ibn Saad amepokea kuwa usiku mmoja walihesabiwa waliokuja kula wakafika 7,000, na wagonjwa, watoto na wengineo waliopelekewa chakula walipokuwa wakafika 40,000. Aliwaandikia magavana wake kuomba msaada, na Abu Ubayda (r.a.) akaleta kutoka Sham misafara ya ngamia waliobeba vyakula. Ukusanyaji wa zaka za mifugo aliuahirisha mwaka ule.

Naye mwenyewe aliapa kutoonja samli, maziwa wala nyama mpaka watu wapate nafuu. Alikula mkate kwa mafuta ya zaituni hata rangi yake ikageuka na tumbo likawa linanguruma. Kisha akatoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Abbas (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), aombe dua. Mvua ikanyesha, na Umar akawapa Mabedui masurufu ya kurejea kwao.

Ndani ya mwaka huo Umar alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi. Wapo wanaodhani aliifuta hukumu ya Qur'an. Sivyo. Hukumu ya wizi ina masharti yake, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa adhabu za hudud huzuiliwa palipo na shubha. Katika njaa ya wote, nani atamtenga aliyeiba kwa tamaa na aliyeiba ili asife? Imamu Ahmad bin Hanbal alipoulizwa jambo hili baada ya karne mbili, aliafiki msimamo wa Umar.

Sasa tusimame kwenye kisa alichokipokea Imamu Malik katika Muwatta. Watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa (r.a.) walimwiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Walipoletwa, Umar aliamuru wakatwe mikono, kisha akasita. Alimtazama bwana wao akaona kuwa anawatumikisha na kuwaacha na njaa. Basi mikono ikasalimika. Je, kesi ikaishia hapo? Hasha. Umar alimuuliza mwenye ngamia bei ya mnyama wake, naye akaeleza kuwa amewahi kukataa kumuuza kwa dirhamu 400. Umar akamhukumu Hatib amlipe dirhamu 800. Hatib alikuwa mpiganaji wa Badri, lakini cheo hicho hakikumwondolea dhima. Imamu Malik mwenyewe ameeleza kuwa amali ya Madina ni kulipa thamani bila ya kuirudufu. Ama asili ya malipo haina ubishi.

Hapa ndipo penye jawabu letu. Njaa iliondoa adhabu ya mwizi, lakini haikuondoa haki ya aliyeibiwa. Kutokana na msingi huu wanazuoni wameweka kanuni kuwa dharura haibatilishi haki ya mwingine. Aliyefikwa na dharura ya kufa huomba kwanza. Akinyimwa, huchukua kiasi cha kubakisha roho tu, na kwa wengi wa wanazuoni hubaki na deni la thamani yake. Na ikiwa mwenye chakula naye ni mhitaji kama yeye, basi mwenye mali ndiye mwenye haki zaidi, kwani madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Kwa hiyo kijana wetu wa Tukuyu hana udhuru wa kuubeba mtaji wa mjane. Mkungu mmoja ungemshibisha. Kuzichukua fedha zote ni kuihamisha njaa kutoka tumboni mwake kwenda kwenye tumbo la bibi na wajukuu wake. Hali yake huenda ikampunguzia adhabu, lakini atadaiwa mpaka alipe. Na wale wenye mawe waelewe kuwa Umar, mwenye mamlaka kamili, alisita kukata mkono mpaka amejua sababu. Raia asiye na mamlaka anapata wapi ruhusa ya kuua? Mtuhumiwa apelekwe kwa wenye mamlaka.

Ipo sehemu yetu pia. Umar alimtafuta Hatib nyuma ya wizi ule. Nasi tujiulize: nani amemnyima kibarua ujira wake? Nani amemfukuza mtoto wa ndugu yake nyumbani usiku? Zaka za mtaa zinamfikia nani? Anayesali safu ya mbele naye huenda akawa ndiye Hatib wa kesi hii.

Umar alichomwa kisu akiswalisha Alfajiri, mwishoni mwa mwaka 23 Hijria (644). Akiwa kitandani mwa mauti aliagiza madeni yake yahesabiwe, yakapatikana kama 86,000, akausia yalipwe kutoka mali ya watu wake. Kisha akamtuma mwanawe kwa Bibi Aisha (r.a.) kuomba ruhusa ya kuzikwa kando ya Mtume (s.a.w.). Ruhusa ikatolewa, hata hivyo akausia kuwa akishakufa jeneza lake lisimamishwe mlangoni na ruhusa iombwe tena, akichelea kuwa mara ya kwanza ilitolewa kwa haya. Huyo ndiye aliyetawala nchi na nchi, naye hakutaka kuchukua hata nafasi ya kaburi bila ya ridhaa ya mwenye nyumba.

Tunamuomba Allah (S.W.) awashibishe wenye njaa, awasitiri wasio na makazi, na atukutanishe Naye tukiwa hatuna haki ya mja shingoni. Amin. Wabillahi tawfiq.