BIBI TITI NA VIKUNDI VYA AKINA MAMA

Tunawaona akina mama wetu wakienda msibani na kuni, unga na masufuria yao. Wachache wetu hukumbuka kwamba vikundi kama hivyo vilisaidia kuleta uhuru wa nchi hii. Mwezi huu tumtazame mama aliyeviamsha. Alikuwa Mwislamu, mtu wa Pwani, lakini habari yake ni yetu sote.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakupenda binti yake aende shule. Alipofariki ndipo mama akampeleka. Hakusoma miaka mingi, akaozwa angali msichana mdogo. Lakini alijaliwa sauti. Akawa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, mjini kulikokuwa na vikundi vingi vya lelemama. Mtu asidhani vilikuwa vya kucheza tu. Vilikuwa na viongozi wake, michango yake na sare zake. Mwenzao akifiwa au akioza, wote walifika. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na vilabu vyake vya wanawake, vya kushona, kupika na kutunza watoto. Lakini lelemama ilikuwa yao wenyewe.

Mwaka 1955 mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alitaka kujua wanawake wa TANU wako wapi. Jibu lilikuwa gumu. Bibi Titi, aliyekwisha kuwa na kadi, akapewa kazi hiyo. Hakuanza na ofisi wala matangazo. Aliwaendea viongozi wa ngoma, akawaomba wakusanye watu wao. Kwa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walijiunga.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT. Mwaka huohuo wanawake wa nchi nyingi za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaunda umoja wao.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi huko Rufiji. Azimio la Arusha la 1967 lilikataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa shtaka la kutaka kuipindua serikali. Alikana, lakini alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwalimu Nyerere alimwachilia mwaka 1972.

Alirudi kwenye nyumba yenye upweke. Mumewe alikwisha mwacha, na wengi waliokuwa wakimshangilia waliogopa hata kumsalimu. Miaka ikapita kimya. Mwaka 1991, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, jina lake lilianza kutajwa tena kwa heshima. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.